Kupigiwa Upatu Kabla ya Fomu: Tafiti za Maoni na Wagombea Urais Ambao Bado Hawapo

Tarehe 2 Julai 2024, siku tano baada ya Joe Biden kuboronga katika mdahalo wake na Donald Trump, shirika la habari la Reuters na kampuni ya Ipsos walitoa utafiti wa maoni. Kati ya majina ya wanachama wa Democratic waliyowauliza Wamarekani, ni moja tu lililompita Trump, tena kwa mbali: Michelle Obama, asilimia 50 kwa 39. Biden, rais aliyekuwa madarakani, alitoka sare na Trump, 40 kwa 40. Michelle Obama hakuwa mgombea. Hakuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa, hakuwa na kamati ya kampeni, na alikuwa amekwisha sema mara nyingi kwamba urais hautaki. Habari ilizunguka dunia hata hivyo.

Utafiti wa namna hii hauhesabu kura, kwa sababu kura hazipo. Unachopima kwa sehemu kubwa ni habari zilizokwisha kumfikia mwananchi: nani amemsikia, mara ngapi, na kwa wema au kwa ubaya. Chombo cha habari kinamtaja mtu kwa wiki kadhaa, kisha kinalipia utafiti wa kuuliza kama watu wanamjua, kisha kinatangaza majibu kama habari mpya. Mwangwi unarudi kwa aliyepiga kelele, naye anauita sauti ya wananchi.

Mchujo usioonekana

Marekani ndiko desturi hii ilikokomaa, na sababu yake ni kanuni za vyama. Hadi mwaka 1968 uteuzi wa mgombea urais ulikuwa mikononi mwa vigogo wa chama katika majimbo. Mwaka huo Hubert Humphrey aliteuliwa na chama cha Democratic bila kushindana katika kura ya mchujo hata moja, huku polisi na waandamanaji wakipambana katika mitaa ya Chicago nje ya mkutano mkuu. Chama kililazimika kubadili utaratibu. Tume iliyoongozwa kwanza na Seneta George McGovern, kisha na Mbunge Donald Fraser, ilifungua mlango kwa wapiga kura wa kawaida kuchagua wajumbe, na majimbo mengi yakahamia kwenye kura za mchujo.

Aliyefaidika kwanza ni McGovern mwenyewe. Kinara wa tafiti za mapema kuelekea 1972 alikuwa Seneta Edmund Muskie, na McGovern alikuwa mkiani, lakini tiketi ikaenda kwa McGovern. Miaka minne baadaye Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia ambaye nje ya jimbo lake wengi hawakumfahamu, alikwenda Iowa mapema, akalala katika nyumba za wafuasi na kuzungumza na vikundi vidogo vya watu. Katika mikutano ya mchujo ya Januari 1976 alipata takriban asilimia 28. Walioongoza, kwa asilimia 37, walikuwa wapiga kura ambao hawakumchagua mgombea yeyote. Magazeti na televisheni vilimtangaza Carter mshindi, na kutangazwa huko kukawa na uzito kuliko hesabu yenyewe.

Tangu hapo kila mhariri alijua kwamba mshindi wa Iowa anaweza kutoka popote, na kwamba ni aibu kutomwona mapema. Mwandishi Arthur Hadley alikipa kipindi hiki jina la mchujo usioonekana katika kitabu chake cha 1976: miezi, sasa hata miaka, kati ya uchaguzi mmoja kwisha na kura ya kwanza ya uchaguzi unaofuata. Wafadhili, wapambe na waandishi huchagua wakati huo bila sanduku la kura. Kwa kuwa hakuna matokeo ya kuripoti, tafiti za maoni zikachukua nafasi ya matokeo.

Swali linaulizwaje

Hesabu ya sampuli haina siri. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa makisio yenye ukingo wa makosa wa asilimia 3 hivi, juu au chini. Ukubwa peke yake hauokoi utafiti: mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa Alf Landon, na Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha zao za anwani zilielemea watu wenye simu na magari, na waliojibu hawakufanana na ambao hawakujibu. George Gallup, kwa sampuli ndogo zaidi lakini iliyopangwa, alimpata mshindi.

Katika utafiti kuhusu wagombea watarajiwa, ugumu uko kwenye swali. Kwanza, wapiga kura wa chama kimoja ni sehemu tu ya sampuli. Ukibaki na 400 kati ya 1,000, ukingo wa makosa unafika asilimia 5, na ukiwagawa hao kwa majina kumi na mbili, mwenye asilimia 4 na mwenye 2 hawana tofauti unayoweza kuithibitisha. Pili, anayepigiwa simu husomewa orodha, na orodha hiyo imeandikwa na mtu. Oprah Winfrey alitoa hotuba katika tuzo za Golden Globes tarehe 7 Januari 2018, na ndani ya siku chache kampuni za utafiti zilikwisha mpambanisha na Trump. Hakuna mwananchi aliyemwingiza kwenye orodha. Ukiuliza swali la wazi bila kutaja majina, jibu linaloshamiri mapema ni "sijui", na "sijui" haiuzi gazeti.

Tatu ni sharti lenyewe: "kama uchaguzi ungefanyika leo." Haufanyiki leo. Mtu anayeulizwa miezi 14 kabla hajafikiria, na kwa adabu tu anataja jina analolifahamu. Ndiyo maana Joe Lieberman, aliyekuwa mgombea mwenza wa Al Gore mwaka 2000, aliongoza tafiti za mwanzoni mwa 2003 na hakushinda jimbo hata moja mwaka uliofuata. Rudy Giuliani, meya wa New York wakati wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, aliongoza tafiti za kitaifa za Republican kwa sehemu kubwa ya mwaka 2007. Aliweka matumaini yake yote Florida, akawa wa tatu huko tarehe 29 Januari 2008, na kesho yake akajitoa.

Isieleweke kwamba namba za mapema ni uongo siku zote. Biden aliongoza kwa muda mwingi wa 2019 akateuliwa, na Trump aliongoza 2023 akateuliwa. Wote wawili walikuwa wanajulikana na karibu kila mpiga kura, kwa hiyo jina halikuwa na cha kuongeza. Kilichobaki kupimwa kilikuwa upendeleo wenyewe. Shida huanza pale anayejulikana na asiyejulikana wanapowekwa kwenye jedwali moja, kana kwamba mpiga kura amekwisha waonja wote.

Kupandishwa, kuchunguzwa, kuporomoka

Wanasayansi wa siasa John Sides na Lynn Vavreck, wakichambua uchaguzi wa 2012 katika kitabu chao The Gamble, walieleza mzunguko wa hatua tatu: mgombea anagunduliwa na vyombo vya habari, anachunguzwa, anashuka. Kinyang'anyiro cha Republican cha 2011 kiliufuata karibu kama ratiba. Gavana Rick Perry wa Texas aliingia tarehe 13 Agosti na mara moja akaongoza. Tarehe 9 Novemba, jukwaani, alishindwa kukumbuka wizara ya tatu kati ya tatu alizosema atazifuta. Herman Cain, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya piza, alikuwa juu Oktoba. Newt Gingrich alikuwa juu Desemba, na Rick Santorum akafuata Februari ya mwaka uliofuata. Mitt Romney, aliyebaki na kiwango kilekile karibu muda wote, ndiye aliyeteuliwa.

Hatua ya kwanza ndiyo inayofaa kutazamwa. Mtu hapandi kwenye tafiti kwanza ndipo atangazwe. Anatangazwa kwa sababu amefanya jambo jipya, mara nyingi kuingia tu kwenye kinyang'anyiro, na utafiti unaofuata unaonyesha kupanda. Kupanda kunakuwa habari ya pili, na wafadhili hupiga simu baada ya habari ya pili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila hapa wanaosifu ndio hao hao wanaorudi wiki sita baadaye kuonja na kulalamika.

Trump mwaka 2015 aliingia katika mzunguko huu tarehe 16 Juni na hakushuka kama wenzake, kwa sababu moja rahisi: vyombo vya habari havikuhama kwenda kwa mwingine. Kampuni ya mediaQuant ilikadiria, kwa hesabu zilizochapishwa na New York Times Machi 2016, kwamba muda na nafasi aliyopewa bila kulipa ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 2, zaidi ya mpinzani yeyote kwa mbali sana. Les Moonves, mkuu wa CBS wakati huo, alikiri hadharani kwamba kampeni ile huenda haikuwa nzuri kwa nchi lakini ilikuwa nzuri mno kwa mapato ya televisheni yake. Si mara nyingi mfanyabiashara husema ukweli wa biashara yake kwa uwazi kiasi hicho.

Mwaka huohuo wa 2015 utafiti ulipewa kazi ambayo haukutengenezewa. Republican ilikuwa na wagombea 17. Fox News, walioandaa mdahalo wa kwanza huko Cleveland tarehe 6 Agosti 2015, waliamua kuchukua kumi wa juu kwa wastani wa tafiti tano za kitaifa na kuwapeleka wengine kwenye mdahalo wa jioni mapema ambao watu wachache waliutazama. John Kasich, aliyetangaza nia wiki mbili tu kabla, alipata nafasi ya kumi, na Perry akaachwa nje. Namba zilizotenganisha waliopita na walioachwa zilikuwa ndani ya ukingo wa makosa. Miaka minne baadaye chama cha Democratic kiliweka kizingiti cha asilimia 1 katika tafiti tatu au wafadhili 65,000, na watu 20 wakapita. Gallup, kampuni iliyoibeba fani hii mabegani tangu 1936, ilitangaza Oktoba 2015 kwamba haitafanya tena tafiti za nani anaongoza katika mchujo wa 2016.

Wale ambao hawakugombea

Athari kubwa zaidi ya tafiti za mapema huenda ni ile isiyoonekana kwenye jedwali, yaani watu waliosoma namba wakaamua kukaa nyumbani. Baada ya Vita vya Ghuba, mwanzoni mwa 1991, Gallup ilimpa Rais George H. W. Bush asilimia 89 ya wanaoridhika na utendaji wake. Vigogo wa Democratic waliotarajiwa kugombea 1992 walijitoa mmoja baada ya mwingine, Al Gore na Dick Gephardt wakiwamo. Waliobaki walionekana kama timu ya akiba.

Gavana Mario Cuomo wa New York ndiye aliyepigiwa upatu kuliko wote. Kwa miezi kadhaa hakusema ndiyo wala hapana, na kila sentensi yake ilichambuliwa. Tarehe 20 Desemba 1991, siku ya mwisho ya kuandikisha majina katika jimbo la New Hampshire, ndege ya kukodi ilimsubiri kwenye uwanja wa Albany, tayari kumpeleka. Alasiri alitoka na kusema mvutano wa bajeti ya jimbo lake haumruhusu. Gavana wa Arkansas, Bill Clinton, akapata uwanja mpana, na Novemba 1992 akamwondoa Bush.

Katikati ya mwaka huo kulikuwa na kioja kingine. Bilionea wa Texas, Ross Perot, alisema Februari kwenye kipindi cha Larry King kwamba angegombea ikiwa wananchi wa kujitolea wangeingiza jina lake kwenye karatasi za kura za majimbo yote 50. Mwezi Juni, bado hajatangaza rasmi, Gallup ilimwonyesha akiongoza: Perot 39, Bush 31, Clinton 25. Waandishi wakageuka kutoka kushangaa hadi kuchunguza. Tarehe 16 Julai alijitoa, Oktoba akarudi, na mwisho wa yote akapata karibu asilimia 19 ya kura bila jimbo hata moja. Clinton, wa tatu mwezi Juni, alikuwa rais mteule mwezi Novemba.

Jenerali Colin Powell naye aliongoza tafiti dhidi ya Clinton katika msimu wa vuli wa 1995, wakati akizunguka nchi kuuza kitabu cha maisha yake. Novemba 8 alisema hagombei. Sina sababu ya kutilia shaka nia yake, lakini ukweli ni kwamba "huenda" ya urais ina faida kwa anayeihodhi: kitabu kinauzika, na ada ya hotuba inapanda. Sheria pia inachangia. Kwa kanuni za fedha za uchaguzi za Marekani, mtu anayejulikana bado anapima maji hafungwi na masharti yote ya mgombea. Jeb Bush alitumia miezi ya kwanza ya 2015 akisaidia mfuko wa Right to Rise, uliokusanya zaidi ya dola milioni 100 kufikia katikati ya mwaka, na alitangaza kugombea tarehe 15 Juni tu. Februari 2016, baada ya kushindwa South Carolina, alikuwa amekwisha jitoa.

Ufaransa na Kenya: kujaribu kuweka mipaka

Ufaransa ina sheria ya tafiti za maoni tangu Julai 1977 na tume ya kuzisimamia, na bado iliona Waziri Mkuu Édouard Balladur akiongoza tafiti za urais Januari 1995, kisha akatolewa katika duru ya kwanza mwezi Aprili. Mwaka 2021 mchambuzi wa televisheni Éric Zemmour alifika nafasi ya pili katika utafiti wa Oktoba, akiwa na asilimia 17, kabla ya kutangaza kugombea mwishoni mwa Novemba. Uchaguzi ulipofika alipata asilimia 7. Gazeti la Ouest-France liliamua msimu huo kutolipia tafiti za urais hata moja, likasema muda wa waandishi wake utatumika kuwasikiliza watu.

Kenya ilitunga sheria yake ya uchapishaji wa tafiti za uchaguzi mwaka 2012. Inamtaka anayechapisha aeleze nani amelipia, lini watu waliulizwa, wangapi, na ukingo wa makosa ni upi, na inakataza kuchapisha siku tano za mwisho. Sheria haiwezi kumlazimisha mtangazaji wa redio asome zaidi ya namba ya kwanza. Kabla ya Agosti 9, 2022, tafiti za mwisho za Ipsos, TIFA na Infotrak zote zilimweka Raila Odinga mbele ya William Ruto, na Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Walioonyesha vizuri zaidi nguvu ya kelele ni mashabiki wa George Wajackoyah, aliyeahidi bangi na ufugaji wa nyoka. Kwa wiki kadhaa za Juni alikuwa gumzo la kila meza, tafiti zikampa asilimia chache, na makampuni yakaanza kuuliza kama atalazimisha duru ya pili. Kura zilipohesabiwa hakufika hata nusu ya asilimia moja.

Dodoma, Julai 2015

Tanzania inatoa mfano wa aina tofauti, kwa sababu anayeamua hayumo kwenye sampuli. Kuelekea uchaguzi wa 2015 watia nia 42 walichukua fomu za kugombea urais kupitia chama tawala, CCM. Magazeti yalikuwa na kambi zao: kambi ya Edward Lowassa, aliyejaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha tarehe 30 Mei alipotangaza nia, na kambi ya Bernard Membe, Waziri wa Mambo ya Nje. Kila ukurasa wa mbele ulipima nani kadhaminiwa na wanachama wangapi, mkoa gani umefurika, nani kakumbatiana na nani. Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, alichukua fomu na kuirudisha bila mbwembwe.

Utafiti wa maoni wa wananchi haungeweza kuona kilichofuata, hata ungefanywa kwa ufundi wote, kwa kuwa uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Kamati Kuu. Kamati hiyo ilikata jina la Lowassa na kubakisha matano. Wajumbe watatu walijitenga hadharani na uamuzi huo, na wengine katika Halmashauri Kuu waliimba kuonyesha imani yao kwa Lowassa mbele ya Mwenyekiti Jakaya Kikwete. Halmashauri Kuu ikayapunguza majina hadi matatu: Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Usiku wa kuamkia Julai 12 na siku yenyewe, Mkutano Mkuu ulimpa Magufuli zaidi ya asilimia 87 ya kura. Lowassa alihamia chama cha upinzani, Chadema, kabla mwezi haujaisha.

Tarehe 22 Septemba taasisi ya Twaweza ilitoa utafiti wake wa simu: Magufuli 65, Lowassa 25. Upinzani uliukataa, wapambe wa CCM wakauchapisha kila mahali, na mjadala ukawa juu ya waliopigiwa simu ni nani. Walikuwa wamehojiwa kuanzia Agosti hadi mapema Septemba, kampeni zikiwa changa. Tume ya Uchaguzi ilipotangaza matokeo mwishoni mwa Oktoba, Magufuli alikuwa na asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Mshindi alitajwa sawasawa. Pengo lilikosewa kwa zaidi ya pointi 20, na sehemu kubwa ya kosa hilo ilikuwa upande wa Lowassa.